Loki za madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi: nibadilishe loki au dirisha zima?

MamaKigamboni:
Habari za jioni wakuu. Nyumba yetu iko Kigamboni, madirisha yote ni ya aluminiamu ya kuslaidi, vioo viwili na wavu. Loki zake ni zile za kubonyeza ubavuni mwa fremu. Mbili za upande wa uani hazishiki tena, ukivuta tu kioo kinakuja, na huko uani hatujaweka grili. Fundi aliyekuja anasema ning'oe dirisha zima. Mimi hela hiyo sina. Drili ipo, naweza kufunga loki mwenyewe?

Fundi_Vioo:
Dada, huyo anatafuta kazi. Loki ya kubonyeza mara nyingi haifi, ila rola za chini, vile vigurudumu vinavyobeba kioo, zimelika, kioo kimeshuka, ulimi wa loki haukutani tena na tundu lake. Angalia ubavuni chini kabisa mwa fremu ya kioo, kuna kitundu kidogo na ndani yake skrubu. Izungushe kwa bisibisi taratibu, utaona kioo kinapanda. Jaribu loki kila baada ya mzunguko mmoja.

Halafu fanya jambo ambalo wengi hawafanyi. Funga dirisha, toka nje, bana fremu ya kioo kwa viganja, inyanyue. Ikipanda mpaka rola zikaacha reli, loki hata ya bei mbaya ni pambo tu. Mwizi ananyofoa kioo chote na kukiegemeza ukutani bila kelele. Dawa yake ni skrubu mbili fupi kwenye reli ya juu, vichwa vining'inie kidogo, kioo kipite lakini kisinyanyuke. Nunua za stenlesi. Kwa chumvi ya huko kwenu, za kawaida zitaoza.

Mpangaji_Tabata:
Mimi nimekata fimbo ya ufagio nikailaza kwenye reli. Bure kabisa.

Fundi_Vioo:
Sawa, ila inazuia kioo cha reli ya ndani tu. Cha nje kinaendelea kuslaidi. Anayetaka kushika vyote viwili atoboe pale katikati fremu zinapopishana, kwa ndani, apitishe pini. Biti ya drili izungushiwe selotepu kuonyesha kina, isitokeze nje. Na usitoboe upande kioo kilipochomekwa, kimezama ndani ya fremu kuliko unavyokiona.

Baharia:
Pini mfungie kauzi ukutani, mahali mkono wa nje haufiki. Moto ukiwaka usiku hutaki kuitafuta chini ya kitanda.

MamaKigamboni:
Nimejaribu. La chumbani limeshika baada ya kuzungusha skrubu. La jikoni kitundu nakiona lakini kimejaa saruji ya mafundi wa plasta!

Fundi_Vioo:
Hao wenzetu bwana. Toa kioo, ondoa wavu kwanza, chokonoa kwa msumari. Rola ikiwa imeliwa upande mmoja badilisha zote mbili, na uende na ya zamani dukani, saizi hazilingani.