Familia: Seva ya picha kwenye kompyuta ya zamani

Zuhura: Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama Mdogo. Ile kompyuta ya mezani nimeifungua. RAM GB 4, prosesa ya biti 64, diski mbili za SATA: moja GB 500 tupu, nyingine TB 1 yenye picha zote, kama GB 210 hivi. Nataka iwe seva ya picha za familia. Niweke mfumo gani, TrueNAS au OpenMediaVault (OMV)?

Mjomba Idi: Marahaba mwanangu. OpenMediaVault. TrueNAS inataka RAM ya GB 8 kwa uchache. OMV imejengwa juu ya Debian, kwa GB 4 itatulia kabisa.

Baraka: Na mfumo usiuweke kwenye hizo diski mbili. OMV inachukua diski nzima ya mfumo, haikuachii sehemu ya kuweka mafaili. Una SSD ndogo au flashi?

Zuhura: Flashi mbili za GB 16.

Baraka: Zinatosha. Ya kwanza ya kusakinishia, ya pili itabeba mfumo. Faili la ISO, yaani la kusakinishia OMV, liandike kwenye ya kwanza kwa programu ya balenaEtcher au Rufus. Ukilinakili kama unavyonakili picha, kompyuta haitawaka nalo. Ukishamaliza, weka omv-extras (hazina ya nyongeza za OMV), halafu programu jalizi ya kupunguza uandishi kwenye flashi, kama flashmemory. Bila hiyo mfumo unaandika kumbukumbu zake mchana na usiku na flashi inakufa mapema.

Mjomba Idi: Kabla ya kuwasha, chomoa nyaya za data za diski ZOTE mbili. Kisakinishi kitauliza kiende wapi, na majina ambayo mfumo unazipa diski, kama sda na sdb, hayakuambii ipi ni ipi. Kosa moja hapo na picha zimekwenda.

Zuhura: Nimechomoa. Kitu kingine, kila nikiizima saa ya BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta) inarudi miaka ya nyuma.

Mjomba Idi: Betri ya ubao imekwisha, ile ya duara, CR2032. Badilisha leo leo. Saa ikiwa nyuma, vyeti vya usalama vinakataliwa na masasisho hayashuki. Tena mipangilio ya BIOS nayo inapotea. Ukishaweka mpya, ingia BIOS, njia ya SATA ya kuongea na diski iwe AHCI, si IDE ya zamani, na umeme ukikatika ukirudi, kompyuta ijiwashe yenyewe.

Zuhura: Tayari. Imesakinishwa, nimeingia kwenye ukurasa wake kwa admin na nywila ya openmediavault.

Baraka: Badilisha hiyo nywila sasa hivi, dunia nzima inaijua. Na kwenye ruta ifungie seva anwani moja ya IP, isije ikahama kila ruta ikizimwa.

Mama Mdogo: Sasa si arudishe diski aanze kugawana picha?

Mjomba Idi: Bado, dada. Diski kwanza. Programu ikiharibika unasakinisha tena kwa nusu saa, picha zikiharibika hakuna pa kuzisakinisha. Zuhura, zima, chomeka diski zote mbili, washa, halafu kwenye dirisha la amri la seva uandike `smartctl -a /dev/sda`, inayosoma SMART, yaani kumbukumbu ya afya ya diski; kisha na sdb, na sdc. Angalia modeli na namba ya diski ujue ipi ni ipi. Nipe mistari ya 5, 197 na 199, ile tarakimu ya mwisho kulia.

Zuhura: Ya GB 500: 5 ni 0, 197 ni 0, 199 ni 214.
Ya TB 1: 5 ni 48, 197 ni 16, 199 ni 0.

Baraka: Ya GB 500 ndiyo mbovu basi, 214!

Mjomba Idi: Hapana Baraka, kinyume chake. 199 ni makosa ya data njiani kati ya diski na ubao. Mara nyingi ni waya wa SATA uliolegea au uliochoka. Abadilishe waya. Hesabu hiyo haishuki, itabaki 214, cha kuangalia ni kama itapanda. Ikikaa hapo hapo, diski ni nzima.
Ninayoiogopa ni ya TB 1. 5 ni sekta ambazo diski imeshazihamisha kwa sababu zilikufa. 197 ni sekta 16 ambazo imeshindwa kuzisoma na bado haijui izifanyeje. Hiyo diski inakwenda, na ndiyo yenye picha.

Mama Mdogo: Yesu wangu. Tufanye nini?

Mjomba Idi: Tutulie, dada, bado inasomeka. Zuhura, usiipime kwa jaribio refu la SMART, litaisomesha diski nzima bure wakati nguvu iliyobaki tunaitaka kwa kunakili. Na kwenye ukurasa wa OMV usibonyeze kuunda mfumo wa faili juu yake. KUUNDA ni kufuta.

Baraka: Unda mfumo wa faili wa ext4 kwenye ile ya GB 500 tu, uipachike (uiunganishe na mfumo), na utengeneze folda ya pamoja, iite picha. Kisha bonyeza alama ya kukubali mabadiliko juu ya ukurasa. Watu wengi wanaisahau, halafu wanashangaa mbona hakuna kilichobadilika.

Zuhura: Waya nimebadilisha, ext4 ipo, folda ipo. Ya TB 1 ni sdb.

Mjomba Idi: Ipachike kwa kusoma tu:
`mount -o ro /dev/sdb1 /mnt`
Halafu nakili kwa rsync:
`rsync -rtv /mnt/picha/ ` ikifuatiwa na njia kamili ya folda yako, inayoanza na /srv/dev-disk-by-uuid.
Hakikisha mkwaju (/) wa mwisho baada ya picha upo. Ukiuacha, utapata folda ya picha ndani ya folda ya picha. Ikifika kwenye faili isiyosomeka itakwama kidogo, itaandika jina lake, itaendelea. Usiikatize.

Zuhura: Imeanza.

*(Siku ya pili)*

Zuhura: Imemaliza na kosa namba 23. Mafaili matatu yameshindikana, yote video za folda moja. 199 ya GB 500 imebaki 214.

Mjomba Idi: 23 maana yake baadhi hayakuhamishika, na ndiyo hayo matatu. Rudia amri ile ile, itaruka yaliyokwisha na kujaribu hayo tu. Wakati mwingine sekta inasomeka mara ya pili.

Zuhura: Moja limepita. Mawili yamegoma.

Mama Mdogo: Nipe majina, nitayatafuta kwenye diski yangu ya nje.

Baraka: Na mimi kutoka kwenye seva nasoma kwa MB 11 tu kwa sekunde. Kompyuta yangu nimeichomeka kwa waya, si Wi-Fi.

Mjomba Idi: Hiyo ni kasi ya megabiti 100. Zuhura, andika `ip a` upate jina la kadi ya mtandao, kisha `ethtool` na jina hilo. Kama inasema 100 na kadi ni ya gigabiti, shuku kebo. Megabiti 100 zinatumia nyaya 4 tu ndani ya kebo, gigabiti inataka zote 8. Waya mmoja ukikatika, mara nyingi inashuka kimya kimya.

Zuhura: 100 kweli. Nimeweka kebo nyingine, sasa 1000.

Baraka: MB 108. Safi sana.

Mama Mdogo: Mimi inanikatalia nywila. Nimeweka admin.

Baraka: Admin ni wa ukurasa wa usimamizi, Mama Mdogo. Zuhura akutengenezee mtumiaji wako na akupe ruhusa ya kusoma na kuandika kwenye folda. Halafu kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike `net use * /delete`, kwa sababu inaendelea kutumia jina la zamani.

Mama Mdogo: Imekubali. Na nikiwa safarini? Nimesikia unafungua mlango kwenye ruta.

Mjomba Idi: Mlango 445 usifunguliwe kwenye intaneti kamwe. Programu hasidi ya WannaCry mwaka 2017 ilipita hapo hapo kwenye SMB, njia ya kugawana mafaili. Tutaweka WireGuard, njia salama ya VPN, ipo kama programu jalizi.

Baraka: Diski mpya ikija tufanye RAID 1, diski mbili ziandikwe sawasawa?

Mjomba Idi: Hapana. RAID 1 ukifuta picha inafutika kote kuwili sekunde ile ile. Diski ya nje ya Mama Mdogo ibaki na mfumo wa faili wa NTFS ili isomeke kwenye kompyuta nyingi, tuinakilie kwa rsync kila wiki, bila `--delete`, kisha ichomolewe na ikae nyumba nyingine.

Mama Mdogo: Zile video mbili ninazo. Zimefunguka zote, mwanzo hadi mwisho. Nazituma kwenye folda sasa.

Zuhura: Nimezipokea Mama Mdogo. Ile ya TB 1 naichomoa, naiandikia MBOVU kwa kalamu.