Insha ya maombi ya chuo ina maneno 900, fomu inataka 650. Nikate wapi?

Msomabarua
Habari zenu wakuu. Naomba vyuo vya Marekani kupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni inayotumwa vyuo vingi, na insha kuu mwisho wake ni maneno 650. Yangu ina 900 na ushee. Nimeeleza mambo matatu: nilivyokuwa nikimsomea babu barua zake baada ya macho kufifia, klabu ya mdahalo niliyoiongoza shuleni, na jinsi nilivyohama mchepuo wa sayansi kwenda sanaa. Kila sentensi ninayoigusa naona kama naharibu. Rafiki yangu anasema niibandike tu, eti hakuna anayehesabu. Nifanyeje?

Peni Nyekundu
Mdogo wangu, kwa hilo la kuhesabu usimsikilize rafiki yako. Fomu inahesabu yenyewe: pungufu ya maneno 250 haipokei, zaidi ya 650 haipokei.

Nasoma rasimu za waombaji kila msimu, na mwenye maneno 900 mara nyingi hasumbuliwi na sentensi ndefu. Ana insha tatu ndani ya moja. Ukichomoa neno hapa na neno pale utafika 650, ila utabaki na habari tatu zilizokonda, na hakuna hata moja itakayomkaa msomaji kichwani. Toa habari nzima.

Wa kwanza kuondoka ni mdahalo. Fomu ina sehemu ya shughuli, kila moja na herufi 150 za maelezo, na msomaji atauona huko. Kuhama mchepuo nako, ikiwa kumeacha alama zinazohitaji kuelezwa, kuna sehemu ya maelezo ya ziada. Siku hizi kwa anayeingia mwaka wa kwanza ni maneno 300, zamani yalikuwa 650, kwa hiyo eleza moja kwa moja bila kupamba.

Babu abaki.

Halafu tazama aya zako za mwisho. Naweza kukisia kuna mahali umeandika kwamba jambo hili lilikufundisha subira. Futa. Kama umeonyesha babu akiomba mstari uleule usomwe tena, nawe ukausoma tena bila kuharakisha, subira tumeshaiona. Sentensi za namna hiyo hula maneno mengi kuliko mtu anavyodhani, na ndizo zinazofanana katika insha za watu wote.

Ngamia wa Pili
Naongezea kwa wanaoomba kwingine, maana 650 si sheria ya kila mahali. Vyuo vya University of California vina maswali 8, unachagua 4, na kila jibu lisizidi maneno 350. Uingereza kupitia UCAS, mfumo wao wa maombi ya vyuo, wanahesabu herufi: 4,000 pamoja na nafasi kati ya maneno. Kuanzia maombi ya kuingia chuo 2026 zimegawanywa kwenye maswali matatu, kila jibu lisipungue herufi 350. Huko neno refu linakugharimu, kwa Common App halikugharimu kitu.

Pia programu yako ya kuandikia na fomu zinaweza kutofautiana kidogo, hasa kwenye maneno yenye vistari. Acha maneno machache ya akiba.

Msomabarua
Asanteni sana. Nimejaribu kubakiza babu peke yake, nimepata maneno 380. Si fupi mno? Naogopa wataona sina la kusema.

Peni Nyekundu
Sasa ndipo una nafasi. Mwanzoni ulikuwa unakimbia ili zitoshe zote tatu, ndiyo maana ya babu ikatoka fupi. Barua zilikuwa za nani? Alikuwa anajibu, nawe ndiye uliyeandika majibu? Kulikuwa na barua ambayo hukutaka kumsomea? Mimi kama msomaji hayo ndiyo ninayotaka kujua, na hukuyagusa kabisa katika maelezo yako.

Yaandike bila kutazama hesabu, ukimaliza ndiyo uhesabu. Kisha soma kwa sauti. Pale ulimi unapokwama ndipo pa kupunguza. Na usilazimishe kufika 650. Habari ikiishia 520 na hakuna swali lililobaki, tuma hiyohiyo.