Mtihani wa ubingwa wa tiba ya dharura: nilipie benki ipi ya maswali?

Rezidenti_Moshi
Shikamooni wakubwa zangu. Niko mwaka wa pili wa ubingwa wa tiba ya dharura hapa Moshi, na mtihani wa kuandika umebakiza miezi minne. Fedha niliyo nayo inatosha kulipia benki moja tu ya maswali, yaani mkusanyiko wa maswali ya mazoezi. Wenzangu wengine wananielekeza Rosh Review, wengine PEER ya chama cha madaktari wa dharura wa Marekani, na wapo wanaosema nirudie mitihani ya miaka iliyopita, basi. Nikitoka zamu ya usiku ninapata saa moja ya kusoma kabla usingizi haujanishinda, nami sipendi saa hiyo ipotee. Mnanishauri nini?

MamaDharura_Arusha
Marahaba, daktari. Kabla ya kulipia, jibu maswali machache ya majaribio, kisha soma maelezo yake kwa makini kuliko swali lenyewe. Benki inayofaa hueleza kwa nini kila jibu lililokataliwa limekataliwa. Inayokutajia herufi sahihi tu haikufundishi kitu. Kumbuka pia kwamba zote mbili ulizozitaja zimetungwa kwa ajili ya mitihani ya bodi ya Marekani. Chukua mtoto mwenye homa kali, mikono ya baridi na mapigo ya kasi, asiyeharisha wala kuwa na utapiamlo, na shinikizo lake la damu halijashuka. Mtahini wa kule, mwenye chumba cha wagonjwa mahututi hatua chache kutoka kitandani, atatarajia umpe maji ya mshipa kwa kasi. Lakini utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu na kuchapishwa mwaka 2011, ulifuatilia watoto zaidi ya 3,000, na waliopewa maji kwa kasi walifariki wengi zaidi ndani ya saa 48 kuliko wasiopewa. Ukikariri jibu la kule bila kujua msingi wake, utamdhuru mgonjwa wa hapa.

Bingwa_KandoYaMlima
Ninamuunga mkono mama. Naongeza habari ya vipimo: kule sukari ya damu huandikwa kwa miligramu kwa desilita, sisi kwa milimoli kwa lita, hivyo 54 yao ni 3.0 yetu; gawanya kwa 18. Malaria kali utaikuta mara chache katika benki hizo, kwa hiyo jitungie maswali yako kutoka kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani: artesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, miligramu 2.4 kwa kila kilo, au 3 kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, mwanzoni, saa ya 12 na saa ya 24. Ugonjwa wa mwinuko wao wanauuliza, na sisi tunaopokea wapandaji wa Kilimanjaro hatuna udhuru wa kuukosa. Mitihani iliyopita usiiache, kwani ndiyo inayokuonyesha namna watahini wako wanavyouliza.

Rezidenti_Moshi
Ninawashukuru sana. Leo asubuhi nimejibu maswali kumi ya majaribio nikakosa manne, na mawili kati ya hayo yamenishinda kwa sababu ya vipimo peke yake. Nimeyaandika daftarini pamoja na sababu ya kukosa, na kesho nitajaribu kumi ya benki ya pili ndipo nilipie.