Nimeacha nyama miezi 3, kolesteroli haishuki. Naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Niko Arua, Uganda, mwanamume wa miaka 46. Kipimo cha kwanza LDL (ile wanayoiita kolesteroli mbaya) ilikuwa 4.9. Nikaacha nyama, mayai, hata muchomo wa Ijumaa (hapo niliumia kweli). Nala maharage, kalo (ugali wa ulezi) na samaki. Juzi nimepima tena: 4.7! Daktari kasema sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini, si sahani. LDL huipeleka kwenye seli, HDL (ile nzuri) huirudisha kwenye ini, ambako nyingine hugeuzwa kuwa nyongo. Akaniandikia vidonge vya statini, vinavyopunguza utengenezaji huo ini na kulifanya livute LDL zaidi kutoka kwenye damu.

Sasa jirani yangu ananitisha: eti homoni za kiume hutokana na kolesteroli, kwa hiyo vidonge vitanimaliza. La homoni ni kweli, nimeuliza. Hilo la kunimaliza ndilo linaninyima usingizi.

Marehemu baba alikufa ghafla kwa moyo akiwa na miaka 52. Mliotumia statini, mwili uliwapokeaje? Na mafuta ya mawese nyumbani, niyaache pia?