Vifaranga wa kishingo na kuchi: nitawatofautishaje?

Wakuu, naomba ushauri. Tetea wa kienyeji, shingo yenye manyoya na upanga (kinyama chekundu cha kichwani) wima, ametotoa vifaranga 9. Majogoo ni wawili: kuchi (aina ya kuku warefu wa kupigana), na kishingo (kuku wa shingo wazi) mwenye kitita cha manyoya mbele ya shingo, yaani amerithi kishingo kwa mzazi mmoja tu. Vifaranga 4 wana shingo wazi; hao wa kishingo, sina ubishi. Utata uko kwa wale 5, maana jogoo huyu hutoa pia wenye manyoya. Wana wiki 3: wawili upanga umelala, una safu tatu za vinundu kama wa kuchi, waliobaki sioni kitu.

Je, upanga husomeka vizuri wiki ya ngapi? Na nikimtoa kishingo ili nipate vifaranga wa kuchi tu, wiki 3 zatosha kabla ya kuatamisha mayai?