TI-84 Plus CE inakataa programu za asembli (mfumo 5.6.1), msaada wakuu

Mwanga_Sokoni (Kigoma)

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa mnaozijua kalkuleta za grafu za TI.

Kifaa ni TI-84 Plus CE ya mtumba, ile yenye kioo cha rangi. Nikibonyeza 2nd halafu + na kuchagua About, inasoma mfumo 5.6.1. Programu za TI-BASIC zinakwenda bila shida, tatizo ni kasi. Ukiiambia ichore seti ya Mandelbrot, unaweza kwenda kula ugali kwa migebuka ukarudi ukaikuta bado iko nusu. Nataka kuandika asembli (lugha ya maagizo ya prosesa yenyewe), baadaye C. Nimefuata somo la asembli la TI-83 Plus, nikapata faili la .8xp (faili la programu za TI), kalkuleta imelipokea vizuri tu, ila nikiliendesha linaishia kutoa kosa.

Je, kuna njia ya kuifungua bila kubandua kitu ndani? Na ikiharibika katikati, inafufuka?

---

Fundi_Reli (Tabora)

Mkuu, hapo una matatizo mawili, na ukishatibu la kwanza hilo la pili litakusubiri palepale.

La kwanza ni kufuli. Mwaka 2020, kuanzia mfumo 5.5.1, Texas Instruments waliondoa ruhusa ya kuendesha asembli na C kwenye familia ya CE. Hoja kubwa ni mitihani: asembli inashika mashine yote, kwa hiyo programu inaweza kuigiza hali ya mtihani kwenye kioo huku kumbukumbu haijaguswa. Matoleo yaliyofuata yamebaki na kufuli hilo. Usihangaike kurudisha mfumo wa zamani, kalkuleta inakagua namba ya toleo na kulikataa lililo chini. Wala usipandishe mfumo hata TI Connect CE (programu ya kompyuta ya kuwasiliana na kalkuleta) ikikubembeleza. Kila toleo jipya ni nafasi yao ya kuziba tundu.

Tundu lenyewe linaitwa arTIfiCE, lilitoka mwaka huohuo wa 2020. Linapitia Cabri Jr., ile aplikesheni ya jometri inayokuja na kalkuleta. Cabri Jr. imesainiwa na TI wenyewe, kwa hiyo mfumo unaiamini. Nayo inaamini mno kilichoandikwa kwenye faili la mchoro inalofungua. Ukiipa faili lililotengenezwa kwa ujanja, inajikuta inatekeleza maagizo yaliyomo ndani yake. Hakuna bisibisi, hakuna kulehemu.

Kabla ya yote chaji mpaka taa iwe kijani (njano ni bado inachaji). Halafu hakiki kwamba Cabri Jr. ipo ukibonyeza kitufe cha apps. Kalkuleta za mtumba mara nyingi zimefutwa kila kitu. Ikiwa haipo, inapatikana bure kwenye tovuti ya TI.

Pakua vitu vitatu: faili la arTIfiCE (.8xv), programu ya Cesium ya kuendeshea programu nyingine (.8xp), na furushi la maktaba za C linaloitwa clibs (.8xg). Vyote vitume kwa TI Connect CE, kwenye ukurasa wa Calculator Explorer, na pale inapouliza mahali pa kuweka chagua Archive (hifadhi ya kudumu) badala ya RAM (kumbukumbu ya muda). Sasa fungua Cabri Jr., bonyeza kitufe cha Y= ambacho humo ndani ndicho F1, chagua Open, kisha chagua faili la arTIfiCE. Hapo mlango uko wazi kwa programu za asembli, na ya kwanza kuiendesha iwe CESIUM. Cesium ikishajisimika inakaa kwenye orodha ya apps, kwa hiyo siku nyingine huhitaji kuzungukia Cabri Jr. tena. Inaorodhesha programu zako zote na kuendesha hata zile zilizo Archive.

La pili ni hilo somo ulilofuata. TI-83 Plus ina prosesa ya Z80. CE ina eZ80 ya MHz 48. Maagizo yanafanana sana, ila anwani za CE ni za biti 24 na zile za zamani ni biti 16. Programu ya 83 Plus inaanza na baiti BB 6D na inapakiwa 9D95. Ya CE inaanza na EF 7B na inapakiwa D1A881. Mtindo wa kuita huduma za mfumo kwa `rst 28h` kwenye CE haupo, unaita anwani moja kwa moja. Faili lako hata kwenye CE isiyo na kufuli lingegonga mwamba.

---

Nyuki_wa_Sikonge

Wewe umeshanunua, sawa. Ila kwa msomaji mwingine anayetafuta kalkuleta ya kuchezea kodi za programu: Casio fx-CG50 haina vita hii. Unaichomeka kwenye kompyuta, inaonekana kama flashi ya kawaida, unanakili faili la .g3a, unachomoa, programu inatokea kwenye menyu. Inatumia betri nne za AAA, na hizo zipo hadi dukani kwa Mangi. Betri ya CE ikichoka utaagiza mbali.

---

Mwanga_Sokoni

Fundi_Reli, shukrani sana. Nimekwama mlangoni: taa ya njano inawaka nikichomeka, lakini TI Connect CE inasema hakuna kalkuleta. Kompyuta ni Windows 10, kebo ni ya sokoni.

---

Koili_Kasulu

Kaka, hiyo kebo ni ya kuchaji tu. CE inatumia mini-USB, ile nene ya kamera za zamani, na nyingi zinazouzwa sasa zina nyaya mbili tu ndani, nyekundu na nyeusi. Umeme unapita, data haipiti. Nzima ina nne: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya ardhi, nyeupe na kijani za data.

Kama una mita, iweke kwenye mlio na upime upande mkubwa wa USB, pini za katikati (ya 2 na ya 3), na upande wa mini pini ya 2 na ya 3 vilevile. Ikilia kwenye pini za pembeni na kunyamaza hizo mbili, itupe. Huna mita? Chomeka kebo hiyo kwenye kamera au diski ya nje yenye tundu la mini. Kompyuta isipoona kitu, jibu umelipata. Ukienda sokoni ulizia kebo ya diski ya nje au ya padi ya PS3, hizo haziwezi kufanya kazi bila nyaya za data.

Jambo jingine, chomeka kwenye mashine moja kwa moja. Vile vigawanyaji vya USB vya bei rahisi hukata mawasiliano faili likiwa njiani, na unabaki na programu iliyofika nusu.

---

Fundi_Reli (Tabora)

Koili kamaliza. Ukishapata kebo, usianze na mchezo wa watu. Anza na programu ndogo kabisa unayoijua baiti kwa baiti, ili isipokubali ujue kosa liko wapi. Hii hapa, inafuta kioo, inaandika KIGOMA, inasubiri kitufe:

```
EF 7B
CD 08 08 02
CD 28 08 02
21 96 A8 D1
CD C0 07 02
CD 8C 0D 02
C9
4B 49 47 4F 4D 41 00
```

Mstari wa kwanza ni utambulisho wa programu ya CE. CD ni `call`, ikifuatwa na anwani ya baiti tatu iliyogeuzwa, ndogo mbele: 020808 inafuta kioo, 020828 inapeleka kishale juu kushoto, 0207C0 inaandika maneno, 020D8C inasubiri kitufe. 21 ni `ld hl`, inaonyesha maneno yako yanaanzia wapi. C9 inarudisha uongozi kwa Cesium.

Anwani ya maneno isikupite hivihivi, ndipo wengi wanapoanguka. Kodi inaanza kuhesabiwa D1A881, BAADA ya EF 7B. Maagizo matano ya baiti nne na `ret` ya baiti moja ni 21, yaani 15 kwa heksa (hesabu ya msingi wa 16). D1A881 jumlisha 15 unapata D1A896, ukiigeuza ndiyo 96 A8 D1. Ukijumlisha na zile mbili za utambulisho, maneno yanasogea baiti mbili na kioo kinasoma GOMA, mji wa kando ya ziwa Kivu huko Kongo. Ukisahau 00 ya mwisho, inaendelea kumwaga alama za ajabu mpaka ikutane na sifuri mahali fulani.

Ziandike kwenye HxD (programu ya kompyuta ya kuhariri baiti), hifadhi kama habari.bin (jumla baiti 30, hakiki), halafu:

```
convbin --iformat bin --input habari.bin --oformat 8xp --output HABARI.8xp --name HABARI
```

convbin imo ndani ya furushi la zana za CE za kuandikia C. Jina la programu lisizidi herufi 8, lianze na herufi.

---

Mwanga_Sokoni

KIGOMA imetokea kiooni! Sasa kuhusu kuchora. Kioo kinaguswaje moja kwa moja?

---

Fundi_Reli (Tabora)

Hapo ndipo CE inapoanza kunoga. Kioo ni pikseli 320 kwa 240, kila pikseli baiti mbili, jumla baiti 153,600 zilizopangwa mfululizo kuanzia D40000. Ukiandika kwenye anwani hiyo, pembe ya juu kushoto inabadilika rangi papo hapo. Rangi ni biti 5 za nyekundu, 6 za kijani, 5 za bluu: F800 ni nyekundu tupu, 07E0 kijani, 001F bluu.

Kupaka kioo kizima cheusi, chomeka baiti hizi 16 baada ya agizo la kufuta kioo:

```
21 00 00 D4  11 01 00 D4  01 FF 57 02  36 00  ED B0
```

Maana yake: weka 00 kwenye baiti ya kwanza, kisha `ldir` inakili kila baiti kwenye jirani yake mara 153,599. Kwenye Z80 ya zamani kaunta inaishia 65,535, ungelazimika kurudia. eZ80 ina kaunta ya biti 24 na inamaliza kwa agizo moja. Kodi imerefuka baiti 16, kwa hiyo anwani ya maneno nayo inasogea hadi D1A8A6.

Tahadhari: ukibadilisha 00 kuwa 1F ukitarajia bluu hutaipata. Kila pikseli itakuwa 1F1F, ambayo ni samawati iliyochanganyika na kijani. Bluu tupu inataka 1F na 00 zipokezane: andika baiti mbili za kwanza kwa mkono, nakili kwenda D40002 badala ya D40001, na kaunta iwe 0257FE.

Ukichoka kuhesabu anwani kwa mkono, na utachoka, hamia C. Fungulia furushi la zana kwenye C:\CEdev, njia isiwe na nafasi katikati ya majina ya folda, maana `make` hujikwaa hapo. Nakili mfano wowote uliomo, badilisha NAME kwenye makefile, kisha src/main.c iwe:

```
#include <ti/screen.h>
#include <ti/getcsc.h>

int main(void)
{
    os_ClrHome();
    os_PutStrFull("KIGOMA");
    while (!os_GetCSC());
    return 0;
}
```

Andika `make`, faili linatokea kwenye folda ya bin. Ukitumia maktaba ya michoro, graphx, halafu kalkuleta ikalalamika kwamba haina libLoad, jua clibs haijafika au imefutwa; itume upya. Na jaribu kwanza kwenye CEmu, kiigizaji cha kompyuta, kinachohitaji ROM (nakala ya mfumo) unayoitoa kwenye kalkuleta yako mwenyewe. Kina debaga (zana ya kusaka makosa), unaona rejista (vihifadhi vidogo vya prosesa) moja baada ya nyingine. Kalkuleta yenyewe ikiganda haikuelezi kitu.

---

Mwl_Adv_Maths

Niongeze moja kwa wanafunzi wanaopita hapa. Mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) inayoruhusu kalkuleta inataka zile zisizoweza kupangiwa programu tu. Hii haiingii chumba cha mtihani, iwe imefunguliwa au haijafunguliwa, hata ukiifuta mbele ya msimamizi. Kwa klabu ya hesabu au kompyuta ni chombo kizuri, kidato cha tano wanaelewa anwani na heksa haraka zaidi wakiona pikseli ikiwaka kuliko ubaoni.

---

Mwanga_Sokoni

La mwisho wakuu. Nimeipa `ldir` kaunta kubwa kwa makusudi ili nione, ikaganda, kisha ikaandika RAM Cleared. Kuna kilichoungua?

---

Koili_Kasulu

Hakuna, kaka. Uliandika kupita mwisho wa eneo la kioo ukakanyaga vitu vya mfumo, ukajiwasha upya na RAM safi. Flashi ina ulinzi wake, programu ya kawaida haiifikii kwa bahati mbaya. Ikiganda bila kujiwasha, bonyeza kitufe cha reset kilicho ndani ya kitundu mgongoni kwa ncha ya pini.

Kilichopotea ni kila ulichokuwa umekiacha RAM. Vilivyo Archive vimebaki. Nenda 2nd, +, chagua 2 Mem Management, kisha programu zako. Yenye nyota kando ya jina ndiyo iko Archive. Isiyo na nyota, weka kishale juu yake ubonyeze enter, nyota itatokea. Fanya hivyo kabla ya kila jaribio la kodi mpya. RAM ya mtumiaji ni KB 154 tu lakini Archive ni MB 3, nafasi ipo.