Kizazi kimetolewa, sasa naambiwa mionzi 25: waliopita hapa tupeane uzoefu

Mwanamke wa Tukuyu

Habari zenu dada zangu, na wakubwa shikamooni.

Nina miaka 41, watoto wanne. Hii ni wiki ya tano tangu nitolewe kizazi kwa saratani ya shingo ya kizazi. Nilipozinduka nilimshukuru Mungu nikajua yameisha. Majibu ya kinyama walichokipeleka maabara yaliporudi, daktari akasema tezi mbili kati ya zile walizotoa zimekutwa na ugonjwa, kwa hiyo kidonda kikipona niende Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, nikapigwe mionzi 25, Jumatatu hadi Ijumaa, na kila wiki dripu moja ya sisplatini, dawa ya saratani. Baada ya hapo mionzi ya ndani, inayowekwa kupitia ukeni. Nikawa naitikia tu. Kufika nyumbani ndipo nikagundua sikuuliza hata swali moja.

Nitafikia kwa wifi yangu Mbagala. Je, mtu anaweza kupanda daladala kila siku akiwa kwenye mionzi? Jirani kaniambia mtu wa mionzi hagusi watoto, na wifi ana mtoto mchanga ndani. Halafu mkojo: mpira ulitolewa wiki ya pili, lakini hadi leo sisikii kubanwa, nashtukia tumbo la chini limekuwa gumu. Na la mwisho naona haya kulisema. Mume wangu ni mtu mwema, anasubiri, hasemi kitu. Sijui nimwambie nini.

Naomba aliyepita anieleze kama alivyopita. Pole nimeshapewa nyingi.

Bibi wa Korogwe

Marahaba mwanangu. Mimi nipo mwaka wa tisa tangu nimalize, kwa hiyo nakujibu nikiwa mzima.

Nianze na mtoto: mbebe. Mionzi ya nje ni kama mwanga wa tochi, mashine ikizimwa hakuna kinachobaki mwilini mwako. Na ile ya ndani, wakishaitoa wameitoa. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo na shemeji yangu, nikala wiki mbili kwa sahani ya peke yangu, mjukuu wangu akilia mlangoni simfungulii. Siku nilipomuuliza fundi wa mashine alinitazama kwa huruma, akasema, "Mama, nani kakufunga jela?" Wiki mbili zile zinaniuma kuliko kidonda.

Siku ya kwanza hawapigi mionzi. Wanapima, wanakuchora alama kwa wino nyonga na tumbo. Usizisugue, usizipake mafuta, ukioga mwagia maji taratibu. Ukiona zinafifia waambie wenyewe wazikoleze, usijichoree. Kila siku utaambiwa unywe maji kibofu kijae kabla ya kulala kwenye mashine, maana kibofu kikijaa kinasukuma utumbo pembeni. Mashine yenyewe haiumi wala haina joto, ni dakika chache. Kinachochosha ni benchi. Nenda na kanga mbili, moja ya kukalia na moja ya kujifunika.

Wiki mbili za kwanza nilijiona shujaa. Wiki ya tatu tumbo likafunguka, naharisha mara sita kwa siku. Niliacha maharage, maziwa na pilipili, nikala wali mweupe, ndizi mbivu, viazi, uji mwepesi, na maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Usinyamaze ukiona aibu. Kuna vidonge vya kupunguza kuharisha, lakini hawawezi kukupa kama hujasema. Ngozi ya mapajani kwa ndani nayo huungua kidogo kidogo. Vaa chupi ya pamba au usivae kabisa ndani ya kanga, na sabuni yenye manukato weka kando.

Jambo ambalo hukuuliza: mguu. Umetolewa tezi, na tezi ndizo zilizokuwa zikipitisha maji ya mwili. Mimi mwaka wa pili mguu wa kushoto ulianza kuvimba jioni, asubuhi unapungua, mpaka siku moja haukupungua. Kwetu Tanga mguu mkubwa jina lake ni moja tu, matende. Nilipewa dawa za matende, nikanywa, hakuna kitu. Mtaalamu wa mazoezi ndiye aliyenifundisha kuufunga bendeji kuanzia vidoleni kwenda juu, kuukanda polepole kuelekea juu, kuuweka juu ya mto nikilala. Siendi shamba peku tena, maana mkwaruzo mdogo wa jembe unaweza kuniletea homa ya siku tatu. Bado ni mnene, lakini natembea nao. Ila sikiliza: mguu mmoja ukivimba ghafla, una joto na unauma, usisubiri bendeji ya mtu. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nesi mstaafu, Singida

Nimefanya kazi wodi ya wanawake muda mrefu, na mdogo wangu amepita njia hii, kwa hiyo naongea kwa pande zote mbili.

Mkojo wako unaeleweka. Upasuaji huo mkubwa hugusa mishipa ya fahamu inayoambia kibofu kwamba kimejaa. Kwa wengi hurudi, lakini huchukua miezi. Kwa sasa usingoje kubanwa, fuata saa. Kila baada ya saa tatu nenda, kaa vizuri, usichuchumae kwa haraka. Ukimaliza simama, tembea kidogo, kaa tena, inama mbele, utaona bado upo. Ukikojoa kidogo kidogo tu huku tumbo limejaa, au ukipata homa na mkojo unachoma, hiyo ni hospitali. Na watu wa mionzi uwaambie mapema, wao watataka kibofu kijae na wewe husikii kikijaa.

Daladala inategemea siku. Wiki za mwanzo wengi wanaweza, ila usisimame kutoka Mbagala hadi Posta. Siku ya dripu usipange kurudi peke yako. Kama nauli inawashinda, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali ukaeleze. Watu wengi hupita mlango ule hawajui kazi yake.

Sisplatini hupita kwenye figo, ndiyo maana wanakupima damu kila wiki kabla ya kukutundikia dripu. Kunywa maji. Masikio yakianza kuvuma, sema. Na hapa naomba kwa moyo wote: watakuletea mizizi na unga wa majani, kila mmoja na chupa yake, na wanaoleta wanakupenda. Pokea, shukuru, weka kabatini. Figo zina mzigo wa kutosha. Nimemwona mdogo wangu akikosa dripu mbili kwa sababu ya chupa moja ya namna hiyo.

Asiyejitaja

Mimi natumia dawa za CTC, kliniki ya VVU, tangu 2011. Nilipoambiwa saratani nilidhani ni adhabu, nikataka kuacha vyote. Daktari akanieleza kwamba sisi tunaoishi na VVU tupo kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata saratani hii, ndiyo maana tunatakiwa kupimwa mapema na mara kwa mara. Mume aliondoka wiki niliyopigwa mionzi wa saba. Dawa zangu sikuacha hata siku moja, na mionzi nilimaliza yote 25. Kama yupo mwenzangu anayesoma hapa: beba kopo lako, wape orodha ya dawa zako, usifiche.

Dada wa Likoni

Mie yangu ilikuwa ya ovari, kwa hiyo mionzi siijui. Nilifunguliwa tumbo kutoka juu ya kitovu hadi chini, kisha kemo sita, yaani dripu za dawa ya saratani, kila baada ya siku 21. Nywele zilitoka wiki ya tatu, zote siku mbili, nikazikusanya kwenye mtandio kama mtu anayeokota pamba. Kichefuchefu kilikuwa na dawa yake. Kilichonikalia ni vidole. Mie ni mshonaji wa kofia, na baada ya kemo ya nne sikuwa nikiihisi sindano. Nilijichoma bila kujua mpaka nikaona damu kwenye kitambaa cheupe. Nilimwambia daktari akapunguza kipimo. Sasa mwaka umepita, vidole vya mkono vimerudi kiasi, vya miguu bado kama vimevaa soksi.

La muhimu kwa aliye kwenye kemo: nunua kipimajoto. Homa ikifika 38, hata kama ni usiku wa manane, usimeze panado ukalala, nenda hospitali. Kinga huwa imeshuka, na mwili hauna wa kupigana.

Mama wa Kilwa

Nimesoma wote, naona lile swali la mwisho la dada wa Tukuyu mmelizunguka. Nitalijibu mimi.

Kwetu mtoto wa kike anafundishwa na somo yake kila kitu cha ndani. Hili hakuna somo aliyenifundisha. Nilimaliza mionzi nikiwa na miaka 36. Hedhi ilikatika, joto linapanda usiku nalowa shuka, na mwaka mzima sikuguswa. Tulipojaribu ilikuwa kama ukuta. Nililia, mume wangu akadhani kaniumiza, hakunisogelea tena miezi minne.

Nesi mmoja, Mungu amlipe, alinivuta nyuma ya pazia akanieleza: mionzi hufanya njia ikauke, ibane, hata ishikane. Dawa yake ni vipanuzi, vijiti laini vya plastiki vya ukubwa tofauti. Unaanza na chembamba na jeli ya maji, mara mbili tatu kwa wiki, dakika chache. Si kwa ajili ya mume tu, hata daktari atahitaji nafasi ya kukuchunguza kila kliniki. Waulize wakwambie lini uanze, kwa kawaida ni wiki chache baada ya mionzi kwisha. Kuhusu tendo lenyewe, ngoja ruhusa. Ukiona tone la damu mwanzoni usikimbie, lakini damu nyingi au maji yenye harufu, rudi kliniki. Na joto la usiku liulizie pia.

Mumeo mpeleke kliniki akasikie mwenyewe. Wangu alidhani ataambukizwa saratani na alikuwa anaona haya kuuliza. Haiambukizi.

Baba mwenye bajaji, Tabora

Samahanini kuingia kwenye mambo ya kina mama. Mke wangu amemaliza mwezi uliopita. Dada, mumeo kunyamaza huenda si uvumilivu tu, ni woga. Mimi nilinyamaza hivyo hivyo, kumbe mwenzangu aliuhesabu ukimya wangu kama nimemchoka. Nilianza kwa kubeba maji na kufua nguo zake za ndani. Maneno yalikuja baadaye.

Mwanamke wa Tukuyu

Nimerudi. Jana nimepigwa wa 13. Tumbo limefunguka kama bibi alivyosema, wali na ndizi vinasaidia. Dripu ya wiki iliyopita iliahirishwa, damu ilikuwa 8, nikaongezewa chupa mbili. Mkojo naenda kwa saa, simu inalia hata nikiwa kwenye benchi, wenzangu wameshaizoea nao wanakwenda.

Mume wangu alinisindikiza kwa basi kutoka Mbeya. Nilimsomea maneno ya mama wa Kilwa na ya baba wa Tabora tulipokuwa tumekaa, nikaangalia dirishani asinione uso. Alikaa kimya mpaka Makambako, kisha akaniuliza natumia mkono gani kushika mto nikikohoa, ili akae upande huo.

Binti yetu ana miaka 12. Walipopita shuleni kwao kuchanja HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, mimi nikamzuia kwa maneno niliyoyasikia msibani. Amechanjwa wiki iliyopita, baba yake ndiye aliyempeleka.

Mtoto wa wifi sasa hivi amelala kifuani kwangu. Mionzi ya ndani imepangwa baada ya hii kwisha, na bado naiogopa. Aliyepita aniambie: wanakupa dawa ya maumivu kabla, au unaiomba?